Shajara ya chaneli 27: karatasi za leseni ya kituo kidogo cha dijitali, Idaho 2020–2022

6 Septemba 2020. Tulipo

Fundi aliyekuwa akitunza mitambo yetu mlimani alifariki mwaka jana, na alichokijua kuhusu karatasi za vituo hivi alikwenda nacho. Tumerithi kabati la chuma lenye mafaili, mengine ya kabla sijazaliwa. Sitaki atakayenifuata akute kabati tu. Halafu wapo ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Tanzania waliopokewa Twin Falls na Boise, miji ya hapa Idaho, Marekani, ambao kila tukikutana ibadani huniuliza: "Kaka, sisi hatuwezi kuwa na kituo chetu cha Kiswahili?" Shajara hii ni jibu langu kwao, hatua kwa hatua, pamoja na makosa.

Kazi yenyewe ni hii. Bonde letu limezungukwa na milima, na mawimbi ya vituo vya mjini hayafiki. Miaka mingi iliyopita wakazi waliunda chama, wakapandisha mlimani mitambo inayodaka matangazo ya mjini na kuyarusha upya kuelekea bondeni. Mimi huviita virudishi. Vipo vitano, na kila kimoja kina leseni yake. Marehemu aliviingiza vinne kwenye dijitali. Cha tano, chaneli 27, bado ni analojia.

Vituo vikubwa vya Marekani vilizima analojia tarehe 12 Juni 2009. Vidogo viliongezewa muda, vikaongezewa tena, na sasa FCC, tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano, imeweka mwisho: 13 Julai 2021, saa tano na dakika 59 usiku. Tuna miezi kumi, na mitano kati ya hiyo barabara ya mlimani hufunikwa na theluji.

Anayesoma kutoka nyumbani ashike tofauti moja kabla ya kuendelea. Usiku wa 31 Desemba 2012, analojia ilipozimwa Dar es Salaam, nilikuwa pale nikihangaika na king'amuzi cha mama mdogo. Kule kituo cha televisheni hutengeneza vipindi, kisha kampuni yenye mitambo ya kurushia huvibeba pamoja na vya wengine. Leseni ya maudhui ni moja, ya miundombinu ni nyingine. Huku kituo kidogo kama chetu kinamilikiwa na aliyepewa chaneli, na karatasi moja inabeba kila kitu: namba ya chaneli, mahali mnara uliposimama, kimo cha antena, upande inakoelekea, nguvu inayotoka. Usipoujua mlima wako huwezi kuijaza.

Njia ni fupi ukiitazama kwa mbali. Unajisajili upate namba ya utambulisho. Unaomba kibali cha ujenzi kwa Fomu 2100, Jedwali C. Unajenga. Ukimaliza unaomba leseni kwa Jedwali D ya fomu hiyohiyo. Yote hufanywa kwa mtandao katika mfumo unaoitwa LMS. Hakuna sharti la kuwa na wakili.

26 Septemba 2020. Namba ya utambulisho na taa nyekundu

Nilidhani hatua hii ni ya dakika kumi. Imekula wiki tatu.

Kila anayefanya shughuli na FCC ana namba ya tarakimu kumi. Chama kinayo tangu zamani, ila akaunti inayoisimamia ilifunguliwa kwa barua pepe ya marehemu. Siku hizi kila mtu hufungua akaunti yake binafsi, kisha huomba iunganishwe na namba ya chama, na mwenye mamlaka juu ya namba hiyo ndiye anayekubali. Mwenye mamlaka hayupo duniani. Ombi langu lilibaki likining'inia, na kila nilipojaribu tena mfumo ulinielekeza kwake.

Njia iliyofanya kazi ilikuwa kupiga simu ya msaada, kisha kutuma barua iliyosainiwa na mwenyekiti pamoja na namba ya mlipa kodi ya chama na nakala ya kumbukumbu za kikao kilichomchagua katibu mpya. Tulijibiwa vizuri, lakini kilichotuchelewesha ni kuzitafuta kumbukumbu hizo. Zilikuwa kwenye daftari nyumbani kwa mjane wa marehemu. Alitupa daftari na akatupikia chai.

Nilipoingia ndani nikakuta jambo la pili. Hadhi ya chama ilikuwa "taa nyekundu". Maana yake, mfumo unaona deni lililopita muda wake, na mwenye deni maombi yake hushikiliwa. Asipolimaliza ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa, hutupwa. Deni lenyewe ni ada ya kila mwaka ya usimamizi, ambayo chama kisicho cha faida kimesamehewa. Tatizo ni kwamba uthibitisho kuwa sisi si wa faida haukuwa kwenye kumbukumbu zao, na ada ikichelewa huongezwa asilimia 25. Tulituma barua ya mamlaka ya kodi inayotambua chama, na baada ya siku kadhaa taa ikawa ya kijani.

Kwa anayetaka kuiga: angalia taa yako kabla ya kugusa fomu yoyote. Na mfanye watu wawili wawe na mamlaka juu ya namba ya chama, wasiwe wa nyumba moja.

17 Oktoba 2020. Mlimani na tepu ya kupimia

Leo nimepanda na vijana wawili. Siku njema, anga safi, upepo mdogo.

Nilikuwa nimekwisha kuijaza fomu nusu kwa kunakili leseni ya karatasi iliyopo kwenye kabati. Ilinifaa kwamba sikuituma. Simu ya mkononi ilipoonyesha mahali niliposimama, chini ya mnara kabisa, longitudo ilipishana na ya leseni kwa zaidi ya sekunde tatu za nyuzi. Kwa latitudo yetu hiyo ni zaidi ya meta 60. Ukifuata leseni, mnara wetu umesimama hewani, nje ya ukingo wa mlima.

Nilidhani marehemu alikosea, na niliona vibaya kumdhania hivyo. Hakukosea. Alipima kwa mfumo wa ramani wa mwaka 1927, uliotumika katika kumbukumbu za zamani za tume. LMS inataka mfumo wa 1983. Mahali ni palepale, ila namba zinabadilika, na huku magharibi tofauti ni kubwa zaidi upande wa longitudo. Ofisi ya serikali inayosimamia vipimo vya ardhi ina kikokotoo cha bure mtandaoni cha kubadilisha mfumo mmoja kuwa mwingine. Niliingiza namba za marehemu, zikatoka zilezile za simu yangu, tofauti ikiwa meta chache.

Tulipima pia kimo. Karatasi inasema antena iko meta 14 kutoka ardhini. Tepu inasema 11.6. Wakati fulani upepo uliangusha nguzo ya juu, wakaweka fupi zaidi, na hakuna aliyeandika. Nimeandika 11.6. Mnara wetu ni mfupi mno kuhitaji usajili wa minara, unaoanza kwa kawaida meta 60.96, yaani futi 200, lakini bado unapaswa kukagua umbali kutoka viwanja vya ndege. Kikokotoo cha FCC kimesema hatuhitaji kitu. Nimechapa jibu lake na kuliweka kwenye faili.

Picha: mnara kutoka pande nne, kibao cha antena, kibao cha kebo, uzio, kufuli. Baadaye zilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

14 Novemba 2020. Muingiliano na chujio

Kubaki chaneli ileile 27 kulirahisisha. Chaneli hiyo ni kati ya megahezi 548 na 554, chini ya chaneli 37, kwa hiyo haikuguswa na mnada wa masafa uliomalizika 2017 na kuwahamisha wengi waliokuwa juu yake. Kubadili analojia kuwa dijitali kwenye chaneli yako mwenyewe ni mabadiliko madogo kisheria, na mabadiliko madogo huombwa siku yoyote.

Hata hivyo unapaswa kuonyesha kwamba hutawaharibia wengine picha. Kipimo ni hiki: muingiliano mpya usizidi asilimia 0.5 ya watu wanaohudumiwa na kituo kikubwa, wala asilimia 2 ya wanaohudumiwa na kituo kidogo mwenzako. Programu ya kukokotoa hilo inatolewa bure na tume, nami nilishinda wikendi mbili nikijaribu kuiendesha kwenye kompyuta yangu. Nilishindwa. Tukamlipa mhandisi dola 700 akaifanya. Sioni aibu kuandika hivyo; chama chenye watu wenye muda wangeweza, sisi hatukuwa nao.

Jibu lake lilikuja na sharti. Kwenye mlima wa pili kuna kirudishi cha chaneli 28, jirani yetu wa karibu. Fomu inakutaka uchague kimoja kati ya viwango vitatu vya uchujaji wa mawimbi yanayovuja nje ya chaneli yako: sahili, kali, au kile cha vituo vikubwa. Kwa sahili tungemuumiza jirani. Kwa kali tunapita. Nikaweka alama kwenye kali.

Kumbuka alama hiyo. Itarudi mwezi Mei.

12 Desemba 2020. Fomu imetumwa, kisha imerekebishwa

Tulituma Jedwali C tarehe 3. Tarehe 9 usiku, nikiwa kitandani, nilikumbuka kitu kwenye katalogi ya antena na sikulala tena.

Nguvu inayoombwa kwenye fomu si ile inayotoka kwenye mtambo. Ni ile inayotoka kwenye antena kuelekea upande wake mkuu: nguvu ya mtambo, toa inayopotea kwenye kebo, zidisha kwa uwezo wa antena wa kukusanya mawimbi upande mmoja. Mtambo wetu ni wati 20. Kebo inapoteza desibeli 1.5 (desibeli hupima nguvu imeongezeka au kupungua mara ngapi). Katalogi inasema antena ina desibeli 13.15. Nilipiga hesabu, nikapata wati 292, nikaandika kilowati 0.292.

Katalogi ilipima antena kwa kulinganisha na chanzo cha kufikirika kinachorusha sawasawa pande zote. Fomu inalinganisha na daipoli ya nusu wimbi, yaani antena rahisi ya kulinganishia. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni desibeli 2.15. Kwa hiyo uwezo wa antena kwa lugha ya fomu ni desibeli 11, na nguvu halisi ni wati 178. Nilikuwa nimeomba zaidi ya mara moja na nusu ya nilichoweza kurusha.

Mtu anaweza kusema, kuomba zaidi kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba siku ya kuomba leseni utathibitisha kwamba ulichojenga ndicho kilichoruhusiwa. Kila fomu ina onyo kuwa taarifa ya uongo ya makusudi ni kosa la jinai. Na utafiti wa muingiliano ulikokotolewa kwa nguvu isiyokuwepo.

Marekebisho yanaruhusiwa kabla ombi halijaamuliwa. Mhandisi alirudia hesabu bila kututoza, nikatuma ombi lililorekebishwa likisema kilowati 0.178. Katalogi nyingi huandika tu "dB" bila kusema kwa kulinganisha na nini. Piga simu uulize kabla ya kuandika.

10 Januari 2021. Barua mbili

Ya kwanza ni ridhaa. Kirudishi hakiruhusiwi kurusha matangazo ya kituo kingine bila ruhusa ya maandishi ya kituo hicho. Barua tuliyokuwa nayo ilisainiwa na mmiliki aliyekwisha kuuza. Kampuni mpya iliipitisha barua yetu kwa wanasheria wake, ikachukua wiki tano, kisha ikatuma ukurasa mmoja mzuri. Anza na barua hii mapema, kwa maana huwezi kuiharakisha.

Ya pili ni ya ardhi. Mlima ni mali ya serikali kuu, na ofisi inayousimamia ilitaka kujua kama tunabadilisha chochote kinachoonekana. Tulituma zile picha za Oktoba, pamoja na mchoro wa antena mpya kwenye nguzo ileile. Wakakubali bila kuja kukagua.

21 Februari 2021. Kibali kimetoka, na swali la Mama

Kibali cha ujenzi kimetoka. Kwa kawaida kibali huwa na miaka mitatu. Chetu kinakufa 13 Julai 2021, siku ileile ya mwisho wa analojia, kama vya wenzetu wote wanaogeuza. Jina la kituo limebaki K, 27, na herufi zake mbili, ila sasa limeongezwa mkia wa -D.

Jumapili nilipowaonyesha watu kanisani, Mama mmoja wa Uvira, Kongo, akaniambia, "Mwanangu, basi na sisi tuombe ya kwetu." Nilimjibu yote, na nayaandika hapa kwa kuwa wengi wataniuliza.

Kwanza, hadi sasa, Februari 2021, maombi ya vituo vidogo vipya kabisa yamesimamishwa tangu Oktoba 2010. Tunachofanya sisi ni kugeuza kilichopo. Anayetaka kuanza leo anapaswa kununua kituo au kibali cha mwingine, na kuomba tume iridhie kuhamishwa kwa leseni. Pili, sheria haimpi leseni ya utangazaji mtu asiye raia wa Marekani, na kampuni au chama chenye leseni hakipaswi kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya umiliki au kura mikononi mwa wasio raia. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu bado anahesabiwa si raia. Kwa chama kisicho na hisa, kama kanisa, linalotazamwa ni wajumbe wa bodi. Bodi ya watu kumi inaweza kuwa na wawili wasio raia.

Mama alihesabu kwa vidole wajumbe wa bodi yao waliokwisha kula kiapo cha uraia. Walikuwa wanne kati ya tisa. Akasema, "Basi tutasubiri wengine waape." Hakukata tamaa, nami sikutaka akate.

15 Machi 2021. Nyongeza ya muda, na saa ya Washington

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba nyongeza ya muda wa kujenga. Theluji bado iko kiunoni, mtambo tulioununua haujafika, na mwenyekiti aliona ni busara kuomba. Nilikubaliana naye kwa sababu isiyo sahihi: nilidhani nyongeza itaturuhusu kuendelea na analojia hadi tukamilishe.

Nilisoma amri yenyewe ya FCC tena mchana huu, neno kwa neno. Nyongeza ni ya kibali cha kujenga, hadi siku 180. Analojia inazimwa 13 Julai kwa kila mtu, mwenye nyongeza na asiye nayo. Maana yake tusipojenga hadi Julai, bonde litakaa gizani, na sisi tutakuwa na karatasi halali ya kujenga gizani. Kituo kikinyamaza, siku ya kumi unapaswa kuwa umewaarifu, kikipita siku 30 unaomba ruhusa ya kunyamaza, na kikinyamaza miezi 12 mfululizo leseni inakufa yenyewe kwa sheria. Nyongeza ni kinga ya karatasi. Haimpi bibi wa shambani habari za saa mbili usiku.

Tuliomba hata hivyo, tukaeleza theluji na mtambo uliochelewa. Nilikuwa nimepanga kutuma baada ya chakula, saa tano hivi usiku. Nilipofungua risiti ya Desemba kutafuta namba ya ombi, nikaona muda uliopigwa muhuri ulikuwa saa mbili mbele ya saa yangu. Mfumo unahesabu siku kwa saa za Washington. Usiku wa manane wa kule ni saa nne usiku kwetu. Nilituma saa tatu na dakika 40. Zilibaki dakika 20.

29 Mei 2021. Chujio lisilo lake

Barabara imefunguka. Tumepandisha mtambo, antena, kebo mpya.

Mtambo ni uliotumika, dola 4,600, na tangazo la muuzaji lilisema "pamoja na chujio". Nililifungua kwenye meza nyumbani kabla ya safari, nikasoma kibao: ni la kiwango sahili. Kibali chetu kinasema kali. Muuzaji hakudanganya, mimi sikuuliza ni chujio la kiwango gani. Tuliagiza lingine lililopimwa kiwandani kwa chaneli 27, dola 850, wiki tatu za kusubiri. Kama ningeligundua mlimani tungepoteza safari nzima na pengine Juni yote.

Tulikodi kifaa cha kupima masafa kwa dola 380 ili kuhakikisha mawimbi yanayovuja yako chini ya kiwango. Picha za skrini yake zimehifadhiwa. Hakuna aliyetuomba, lakini jirani wa chaneli 28 akilalamika nitakuwa na cha kumwonyesha.

19 Juni 2021. Antena ilitazama pembeni

Tuliwasha tarehe 12. Bonde la magharibi walipiga simu wakishangilia. Upande wa mashariki, kwenye mashamba ya karibu na mto, picha zilikatikakatika au hazikuja kabisa. Kwa analojia wangeona chenga na kuendelea kutazama. Dijitali ikikosa nguvu ya kutosha haikupi chenga, inakupa skrini nyeusi.

Siku tatu nilihangaika na vitu visivyo na kosa. Nilibadilisha kiunganishi cha kebo. Nilipima nguvu, wati 20 kamili. Niliwaomba watazamaji watafute chaneli upya kwenye runinga zao, jambo ambalo kweli lilihitajika na liliwasaidia wawili. Wengine walibaki gizani.

Kisha nikasoma kibali tena kana kwamba sijawahi kukiona. Antena ielekee nyuzi 200 kutoka kaskazini ya kweli. Kijana aliyeifunga alitumia dira ya mkononi, akaielekeza 200 ya dira. Huku kwetu sindano ya dira huelekea karibu nyuzi 12 mashariki ya kaskazini ya kweli. Antena ilikuwa inatazama 212. Ilipaswa dira isome 188. Sikuwa nimemwambia, na ni mimi niliyepaswa kumwambia. Yeye alifunga alichoagizwa.

Tulipanda tena leo, tukalegeza boliti nne, tukaigeuza, na safari hii tukahakikisha kwa kulenga kilele kinachoonekana kwenye ramani badala ya kutegemea dira peke yake. Kabla hatujafika chini simu ililia. Mzee wa shamba la mwisho kabisa la mashariki alisema anaona hata majina ya wachezaji mgongoni.

Ningetuma Jedwali D tarehe 14, kama nilivyopanga, ningekuwa nimethibitisha kwa saini yangu kwamba antena inaelekea 200.

23 Juni 2021. Ombi la leseni

Limetumwa leo, adhuhuri, mbali na saa yoyote ya mwisho. Jedwali D ni fupi ukilinganisha na C, kwa kuwa linauliza tu kama umejenga kama ulivyoruhusiwa. Nilikaa na picha, vipimo na kibali mezani na kuweka alama ya kalamu kwenye kila namba: mahali, kimo 11.6, upande, nguvu, chujio kali. Kirudishi kinaruhusiwa kuendelea kurusha wakati ombi linasubiri.

Gharama hadi leo, mbali na ada za serikali: mtambo 4,600, chujio 850, antena 1,450, kebo na viunganishi 620, utafiti wa muingiliano 700, kifaa cha kukodi 380, mafuta na chakula cha safari zote 540. Jumla dola 9,140. Karibu nusu ilichangwa na wakazi, bahasha kwa bahasha. Kosa la chujio ndilo pekee lililotugharimu fedha. Mengine yalikula muda.

14 Julai 2021. Baada ya usiku ule

Mtambo wa zamani wa analojia ulishazimwa tulipowasha mpya, kwa hiyo jana usiku hapakuwa na cha kuzima. Nilikesha hata hivyo. Kuna vituo vidogo kwenye chaneli 6 ambavyo watu huvisikiliza kwenye redio, kwa kuwa sauti yao ya analojia iko megahezi 87.75, na baadhi yao wamepewa ruhusa ya muda kubaki na sauti hiyo pembeni ya dijitali. Vingine vya analojia, karibu vyote, vilinyamaza. Bonde letu halikukosa hata habari za asubuhi.

18 Septemba 2021

Leseni imetoka. Nimeichapa nakala tatu: kabati la chuma, ukuta wa kibanda mlimani, na mjane wa fundi wetu. Aliomba mwenyewe.

1 Juni 2022. Kuhuisha

Leseni zote za televisheni za Idaho, kubwa na ndogo, zinakwisha 1 Oktoba 2022, hata ya kwetu yenye umri wa miezi tisa. Maombi ya kuhuisha yalipaswa kufika leo. Tumetuma ya vituo vyote vitano, katibu kwa akaunti yake na mimi kwa yangu, taa ikiwa ya kijani. Muhula mpya ni miaka minane.

Nikiwa kwenye kumbukumbu za vile vinne vya marehemu nimeona kimo cha antena ya kimojawapo kimeandikwa meta 14. Ni nguzo ileile iliyoanguka. Jumamosi tunapanda na tepu.